"Mtu" Ana Mizani Ngapi?

Juzi nimekalishwa semina saa tatu nzima nikifundishwa namna ya kufundisha ushairi kwa teknolojia. Mwezeshaji, kijana mchangamfu mwenye tabasamu la mtu aliyelipwa kabla ya kazi, akawasha projekta na kufungua programu yenye visanduku vitatu: andika nomino, andika kivumishi, andika kitenzi. Akajaza, akabofya. Shairi hilo! Haiku, lile shairi fupi la Kijapani, mistari mitatu, maua pembeni, kipepeo anapita juu yake taratibu. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisije nikaambiwa mzee wa chaki.

Kisha akafanya kosa moja. Akatuambia tujaribu wenyewe.

Haiku inataka mizani, yaani silabi, tano, saba, tano. Nikaandika mshororo wangu wa kwanza: "Mtu na taa." M-tu-na-ta-a. Tano, hata mtoto wa darasa la pili atakuhesabia kwa vidole. Programu ikawaka nyekundu: silabi tatu, ongeza mbili. Nikafuta, nikaandika tena, nikidhani nimekosea herufi. Tatu. Nikainua mkono. Mwezeshaji akaja, akaangalia, akaniambia kwa upole mwingi, "Jaribu neno refu zaidi, mwalimu."

Nikajaribu "kengele". Ikanipa mbili. Nikaandika "kuua", maana ndilo neno lililokuwa kichwani mwangu dakika ile. Ikanipa moja.

Si uchawi. Programu ile imelelewa na Kiingereza. Ikiona irabu zimefuatana, inazihesabu kuwa moja, kwa hiyo "taa" inakuwa na pigo moja na "kuua" pia. Ikiona e mwishoni mwa neno, inaichukulia kuwa bubu, kwa hiyo kengele yetu inakatwa mkia. Na m ya "mtu" haina irabu, basi haipo. Wakati sisi kila irabu inasimama kwa miguu yake, na m ile ni silabi kamili yenye haki zake zote, sawa na n ya "nchi". Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi mno kuhesabia mizani, na bado tumeletewa mashine isiyoweza.

Sasa, mtu atasema: hilo ni tatizo dogo, irekebishwe tu. Sawa, irekebishwe. Lakini ngoja nikueleze jirani yangu pale kwenye meza alifanya nini. Naye alikuwa ameniiga "Mtu na taa" kwa utani. Alipoona nyekundu, akabadilisha "mtu" kuwa "mwanadamu". Akafuta "taa". Rangi ikawa kijani. Mshororo wake ukabaki hivi: "Mwanadamu na". Basi. Tano kamili. Programu ikampongeza kwa nyota.

Tulicheka mpaka tukaangaliwa vibaya. Ila nilipokuwa narudi nyumbani kicheko kiliniisha, kwa sababu jirani yangu ni mwalimu mwenye akili zake timamu na ilimchukua nusu dakika kuacha kutunga na kuanza kutafuta kijani. Mtoto wa miaka 12 itamchukua muda gani? Hata mashine ihesabu sawasawa kabisa, bado itakuwa imemfundisha kwamba mizani ni kitu kilichoko kwenye kioo. Mizani haiko kwenye kioo. Iko mdomoni na sikioni.

Na hili si jipya. Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alilishikilia hasa: shairi ni wimbo, lisiloimbika lina kasoro. Wanafunzi tunawakaririsha vina na mizani kama kanuni za hesabu na tunasahau zilikuwa zinatumikia nini. Mizani nane kwa nane ipo ili pumzi itoshe na sauti ipande na kushuka pale wasikilizaji wanapoitegemea. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliyekuwa anahesabu ni sikio.

(Najua, najua. Mtaniletea mgogoro wa miaka ya 1970 na mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani. Nayapenda mashairi huru, nayasoma. Lakini hata anayevunja mlango anahitaji kujua ulipo.)

Basi nieleze kinachofanya kazi darasani kwangu, na wala hakikunigharimu semina: kinasa sauti. Kile kile kilichomo kwenye simu yoyote na kwenye kila kishikwambi, ambacho hakuna mwezeshaji amewahi kukitaja kwa sababu hakina kipepeo.

Tunafanya hivi. Wanafunzi wanne, kifaa kimoja. Kila mmoja anaandika ubeti wake kwa kalamu, tarbia ya kawaida, mishororo minne, kila mmoja na nusu zake mbili, ukwapi na utao. Halafu anausoma kwa sauti na kujirekodi, mara moja bila kusimama. Wanasikiliza wote wanne, huku mwenye shairi akiwa ameshika penseli. Kila sauti inapojikwaa, anaweka alama. Haruhusiwi kurekebisha bado, na hakuna kuhesabu. Alama tu.

Mwezi uliopita binti mmoja alikuwa na ubeti ambao mshororo wake wa pili ulianza hivi: "Mwalimu anasubiria." Kwenye karatasi unaonekana mzima. Alipojisikiliza, pale pale mwishoni akajisikia anakimbia, kama mtu anayewahi mlango usifungwe. Akarudia kusikiliza. Akaweka alama. Mwenzake akaanza kugonga meza kwa kidole, nane, na neno likabaki na mkia mmoja nje. Tisa. Binti akakuna kichwa, akajaribu "anasubiri", ikatosha mizani lakini kina kikamtoroka, akanung'unika, akazunguka nalo karibu robo saa, kisha akapata "anangojea". Huu hapa ubeti wenyewe, ameniruhusu:

Kengele imeshalia, kalamu haijachoka,
Mwalimu anangojea, kazi zetu kuzishika,
Neno moja labakia, ulimini lazunguka,
Nipe dakika mwalimu, shairi linanitoka.

Sitasema ni malenga. Lakini niambie ni kisanduku gani cha nomino na kivumishi kingempa "ulimini lazunguka". Neno lile lilitoka kwenye ile robo saa ya kutafuta "anangojea". Alikuwa anaeleza kilichokuwa kinampata wakati huo huo. Robo saa hiyo ndiyo programu inayojisifu kuwa imetuokolea.

Kuna kitu kingine nilikigundua kwa bahati. Baadhi ya programu za kurekodi zinachora sauti kama vilima. Ukimrekodi mtoto anayeghani vizuri, unaona kilima, bonde dogo, kilima, bonde kubwa. Bonde dogo ni ule mkato kati ya ukwapi na utao. Nimefundisha ukwapi na utao miaka mingi kwa kuchora mstari wa wima ubaoni, na macho ya watoto yalikuwa yananipita kama nafundisha ramani ya mwezi. Siku walipoona pumzi yao wenyewe imechorwa kama bonde, mmoja akasema, "Kumbe mkato ni hapa ninapopumua." Ndiyo, mwanangu. Ni hapo unapopumua.

Nisiwe mchoyo. Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba kuna chombo kingine kimenisaidia: lahajedwali. Ndiyo, ile ya wahasibu. Silabi moja kila kisanduku, safu 16, mishororo minne chini yake. Safu ya 8 inakuonyesha vina vya kati vimesimama mmoja juu ya mwingine, a, a, a, halafu mu ya kibwagizo, ule mshororo wa mwisho. Safu ya 16 ka, ka, ka, ka. Aliyekosea kina anakiona kama jino lililong'oka. Hata hivyo jedwali lenyewe halihesabu chochote, ni mtoto ndiye anayeamua silabi inakatwa wapi, ndiyo maana nimelisamehe. Na ndipo ugomvi mtamu unapoanza. Neno "daftari": visanduku vitatu au vinne? Daf-ta-ri, wakasema nusu ya darasa. Da-f-ta-ri, wakasema wengine. Ikafika mahali watu wamesimama. Nikawaambia waimbe. Wakaimba kwa namna zote mbili, na wakagundua kwamba shairi likiivuta ile f, inavutika, linaingia nne bila kelele, lisipoivuta, tatu. Hakuna mashine ingetupa ugomvi ule. Ingetoa jibu, na darasa lingekaa kimya.

Kuhusu akili mnemba, maana najua ndiyo swali mnalolisubiri: kijana mmoja aliniletea beti sita zenye moyo, upendo, nyota na bahari, vina vimepangwa kama askari. Nikamwambia, vizuri sana, imba. Mshororo wa tatu akazama. Hatukuzungumza zaidi, na yeye hakuleta tena.

Na kwa nini kila programu inaanza na haiku? Wajapani wenyewe hawahesabu silabi kama tunavyofikiri, wanahesabu mapigo mafupi. "Tokyo" kwao ni mapigo manne. Ilipofika kwa Waingereza ikabadilika, kisha sisi tunaipokea kwa mkono wa pili na kuwapa watoto kama mlango wa ushairi, wakati utenzi upo, mizani nane tu kwa mshororo, vina vitatu vya kufanana na cha nne cha bahari, kinachojirudia kila ubeti mpaka utenzi uishe. Ukitafuta umbo jepesi, lipi jepesi zaidi ya hilo? Shairi la herufi za jina, kila mstari na herufi yake, sitalizungumzia. Nina shinikizo la damu.

Matatizo ya kinasa sauti yapo, sikatai. Darasa la watu 36 wakirekodi pamoja ni soko. Huwa natoa vikundi viwili nje, viwili korido, vilivyobaki vinaandika. Kelele bado ipo. Betri zinaisha. Na karibu kila mtoto anachukia sauti yake mara ya kwanza. Hata mimi naichukia ya kwangu, nasikika kama shangazi yangu akigomba kwenye simu.

Lakini hapa acha utani kidogo. Nina mvulana ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kusoma mbele ya wenzake. Ubaoni anaganda. Ukimwita jina anaangalia viatu. Siku ya kurekodi aliniomba akae peke yake mwisho wa korido na kifaa, nikamkubalia. Baadaye nilipofungua kile kishikwambi nikakuta rekodi moja tu, namba 11. Kumi za kwanza amezifuta. Hiyo ya 11 ni ubeti mmoja, umenyooka, sauti haina hata chembe ya kutetemeka, na mwishoni, kabla hajazima, anasikika akivuta pumzi na kujisemea chini kwa chini, "Haya."

Ubao haukuwahi kumpa mtoto huyu nafasi ya kukosea mara kumi bila shahidi. Kifaa kilimpa. Kwa hiyo mkinisikia nikizilaumu mashine, mjue ninachokilaumu ni ile inayomtungia. Inayonyamaza na kumsikiliza, nileteeni kumi zaidi.

Mwisho wa semina tuligawiwa fomu ya kujaza kila mwezi, yenye kisanduku kilichoandikwa "Idadi ya mashairi yaliyozalishwa". Yaliyozalishwa! Kama matofali. Mwenzangu aliyetumia ile programu ya kipepeo amejaza 212 kwa wiki moja. Mimi nimetuma yangu Ijumaa: ubeti 1, mwingine unarekebishwa. Leo asubuhi nimepigiwa simu na mtu mwenye heshima zake, akiniuliza kama kwa bahati mbaya nimesahau sifuri.