Kona za kitufe cha mwenyekiti

Juni, Uyole, saa moja asubuhi, baridi ile ambayo ukiongea unaona mvuke wa maneno yako. Simu inaita. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi, kule Rungwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mbona kitufe changu si kama cha katibu?"

Sikuelewa mpaka aliponitumia picha mbili WhatsApp, kila moja imezungushiwa duara jekundu kama mtihani uliofeli. Fomu ni ileile niliyowatengenezea mtandaoni, ya kuandikisha kilo za mavuno. Kwenye Tecno ya katibu kitufe cha "Tuma" kina kona kali na maandishi meusi. Kwenye iPhone ya mwenyekiti kona zimeviringika, maandishi ni ya bluu. Mjukuu wake alimshauri apakue Chrome. Kapakua, hakuna kilichobadilika. Masikini mzee, hakuna aliyemwambia kwamba Chrome ya kwenye iPhone ni koti tu. Ndani yake ni WebKit, injini ileile ya kuchora kurasa inayotumiwa na Safari, kivinjari cha iPhone.

Rangi lilikuwa kosa langu, nalisema haraka tuendelee. Nilipaka kitufe kijani nikasahau kuyapa maandishi rangi. Android ikaweka nyeusi, nami nikajiona fundi. Kumbe tangu iOS 15 ya mwaka 2021, Safari usipoiambia kitu inaweka bluu. Bluu juu ya kijani, jua la saa saba shambani, nani atasoma? Ukiandika `background`, rangi ya nyuma, andika na `color`, rangi ya maandishi. Basi.

Lakini kona! Kwa kona tumebishana siku nne, na ndiyo sababu naandika haya badala ya kulala.

Niambieni, ni mkulima gani anayeshika simu mbili, moja kila mkono, apime kona za kitufe? Wanaofanya hivyo ni sisi mafundi, na wenyeviti wanaokaa karibu na makatibu wao. Mwenye iPhone ameshazoea vitufe vya iPhone, mwenye Tecno vya Tecno. Bajaji za Kabwe kila moja ina pambo lake, hii ina pazia, ile ina maua ya plastiki, na sijamwona abiria aliyeshindwa kujua pa kukaa. Ila fundi wa tovuti atakesha na `appearance: none`, avue kitufe kila kitu kilichopewa na simu, kisha aanze kukivisha upya vazi moja moja: mstari wa pembeni, nafasi ya ndani, kivuli, mwonekano wake kikibonyezwa. Akimaliza anaita hiyo kazi "kusafisha". Kusafisha nini?

Sababu ya hasira yangu ni hii. Wiki moja kabla ya simu ya mzee nilishuka hadi kwenye mizani yao, nikasimama pembeni kumwangalia mama mmoja akijaza fomu. Simu ina ufa katikati, vidole vina udongo. Kajaza vizuri, taratibu, kreti moja baada ya nyingine, kisha kabonyeza "Futa". Vyote vikapotea. Nilikuwa nimeweka "Futa" na "Tuma" bega kwa bega kwa sababu kwenye laptop yangu vilipendeza, na maandishi yake yalikuwa madogo kwa vile kitufe hakirithi herufi za ukurasa mpaka ukiambie `font: inherit`, kikiachwa, Chrome inakipa pikseli 13 na ushee. Mama hakunilaumu. Kasema, "Nimekosea mimi, mwanangu," akaanza upya. Mimi ndiye niliyekosea, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hapo hapo.

Kwa hilo hakuna aliyenipigia simu asubuhi. Hakuna aliyelizungushia duara jekundu.

Siku hizi "Futa" nimeiondoa kabisa, na "Tuma" ina urefu wa pikseli 48 na upana wa skrini nzima. Sehemu za kuandikia nimezipa herufi za pikseli 16, maana zikipungua hapo Safari ya iPhone inauvuta ukurasa mzima mbele kila mtu akigusa.

Mengine kwa ufupi, kabla chai haijapoa. Anayetengeneza kitufe kwa `<div>`, kisanduku kitupu ambacho kibodi haikifikii, akae yeye na katibu wetu anayeingiza takwimu kwa Tab na Enter, aone aibu. Anayeandika `outline: none`, akafuta mstari unaoonyesha kibodi iko wapi, bila kuweka mbadala, vivyo hivyo. Na kitufe kinachobadilika rangi ukikipitishia kipanya ni kizuri sana, ila shambani Rungwe hakuna kipanya, labda panya.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kikundi kina nembo yake, kina rangi zake, na mwenye pesa ana haki ya kuchagua. Mstari mmoja wa `border-radius`, wa kupanga mviringo wa kona, ungenyamazisha kesi yote, najua, msiniandikie. Lakini leo kona, kesho kivuli, keshokutwa "mbona herufi za katibu zimenenepa kuliko zangu".

Rangi nimerekebisha, mzee kaona, kashukuru. Kona nimeziacha zilivyo. Yeye ananidai kona, mimi namdai nusu ya malipo.