Mrusha mpira wa kasi: apumzishwe au aachwe arushe?

Agosti 4, 2025, pale The Oval jijini London, katika mchezo wa kriketi, mrushaji wa India Mohammed Siraj aliving'oa vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji Gus Atkinson, India ikaifunga England kwa tofauti ya mikimbio 6 na mfululizo wa mechi tano za Testi (mechi za kimataifa za hadi siku tano) ukaisha 2–2. Siraj alikuwa amecheza zote tano. Alirusha ova 185 (ova moja ni mipira sita) na mipira mitatu, akachukua wiketi 23, yaani aliwatoa wapigaji 23. Mwenzake Jasprit Bumrah, ambaye kwa wengi ndiye mrushaji bora wa zama hizi, alicheza tatu tu, na hilo lilipangwa kabla timu haijapanda ndege. Mbaya zaidi kwa waliopanga, mechi mbili ambazo India ilishinda ndizo hizo mbili alizokaa nje. Nahodha wa zamani Sunil Gavaskar alikuja juu: habari za kupunguziana mzigo wa kurusha zifutwe kabisa katika kriketi ya India.

Anayewafundisha vijana Mtwara au Lindi akiusikiliza ubishi huu anaweza kuchukua upande haraka, na upande wowote atakaouchukua unaweza kumharibia kijana wake.

Tuanze na wanaotaka mrushaji apumzishwe, kwa sababu hoja yao imejengwa juu ya mfupa. Mpira wa kriketi ni mwepesi, gramu 156 hadi 163, na pichi ina urefu wa mita 20.12. Kinachoumiza ni hatua ya mwisho. Mrushaji anakuja mbio, anaruka, mguu wa mbele unatua goti likiwa limenyooka, na kwa sehemu ndogo ya sekunde ardhi inamrudishia nguvu inayoweza kufika mara tano ya uzito wake na zaidi. Papo hapo kiwiliwili kinapinda pembeni, kinajikunja na kuzunguka. Pigo lote linaishia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Anayerusha kwa mkono wa kulia mara nyingi hupata ufa upande wa kushoto wa pingili hizo. Mifupa ya eneo hilo huchelewa kukomaa, na kijana wa miaka 17 aliyerefuka ghafla yumo hatarini kuliko mtu wa miaka 28 mwenye kasi ileile.

Mifano haina uhaba. Shane Bond wa New Zealand alifungwa waya wa titani mgongoni, na pamoja na wiketi zake 87 aliishia mechi 18 tu za Testi. Pat Cummins aliingia timu ya Australia Novemba 2011 akiwa na miaka 18, akachukua wiketi 6 katika mzunguko wa pili pale Johannesburg, akawa mchezaji bora wa mechi. Testi yake iliyofuata ilikuwa Machi 2017, maana majeraha, hasa ya mgongo, yalimweka nje zaidi ya miaka mitano. Bumrah mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2023, na Januari 2025 ukamgomea tena katikati ya mechi huko Sydney. Ukiyajua hayo, mechi tatu badala ya tano si deko.

Upande wa pili nao una hoja, tena yenye nguvu kuliko kelele za Gavaskar. Mwili wa mrushaji hujengwa kwa kurusha. James Anderson wa England alicheza Testi 188, akachukua wiketi 704, akastaafu Julai 2024 akikaribia miaka 42. Courtney Walsh wa West Indies alifika Testi 132 na wiketi 519. Hao hawakufika huko kwa kukaa benchi. Uchunguzi wa majeraha ya warushaji umeonesha kuwa anayerusha kidogo mno naye huumia, kwa sababu misuli na mifupa haipati sababu ya kuimarika. Kisa cha Anderson kina funzo jingine linalosahaulika. Makocha walimbadilisha mtindo wa kurusha wakidhani wanamlinda, na mwaka 2006 akapata ufa wa mgongo uleule waliokuwa wakiukwepa. Akarudi kwenye mtindo wake wa asili, akadumu karibu miaka ishirini.

Nani basi yuko sahihi? Kwa maoni yetu, wote wanahesabu kitu kisicho chenyewe. Idadi ya ova peke yake haivunji mgongo kwa urahisi. Kinachovunja ni kuruka ghafla kutoka kidogo kwenda nyingi. Chukua mipira aliyorusha kijana wiki hii, igawe kwa wastani wa wiki nne zilizopita. Jibu likizidi 1.5, hatari imepanda, na maumivu huenda yasije siku hiyo. Mara nyingi hujitokeza wiki tatu au nne baadaye, wakati kila mtu ameshasahau chanzo. Mrushaji wa T20, mechi fupi ya ova 20 kwa kila timu, ana ova 4 tu kwa mechi, yaani mipira 24. Mpeleke kwenye Testi arushe ova 20 kwa siku, hiyo ni mipira 120, na kesho yake anarudi tena. Siraj alistahimili England kwa sababu mwili wake ulikuwa umezoea ova nyingi. Ukimwiga kwa kijana ambaye hakuzoea, unamvunja.

Fedha nazo zinavuta kamba. Trent Boult aliuacha mkataba wa New Zealand mwaka 2022 ili awe huru kucheza ligi za T20, na nani atamlaumu? Ova chache, malipo makubwa, mgongo unapona. Mitchell Starc wa Australia alifanya kinyume: kwa miaka mingi aliikwepa ligi ya India ili ajitunze kwa ajili ya Testi, na ligi ilipomnunua Desemba 2023 ilimlipa rupia milioni 247.5. Julai 2025, katika Testi yake ya 100 huko Jamaica, alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 9. Njia zote mbili zimelipa. Ila ni njia za watu walioiva, wenye daktari wa timu pembeni.

Sasa turudi Kusini. Kijana wetu wa Mtwara hana tatizo la Bumrah. Hakuna anayemchosha mwaka mzima. Nangwanda Sijaona na Ilulu ni viwanja vya soka, mvua za Desemba hadi Aprili zinaloanisha kila kipande cha ardhi, na msimu wa korosho unachukua watoto wengi kuanzia Oktoba. Kwa miezi kadhaa anarusha mipira 20 au 30 kwa wiki, kisha yanatangazwa mashindano ya siku tatu, ova 10 kila siku. Hiyo ni mipira 180 juu ya wastani wa 25: zaidi ya mara saba. Kumpumzisha kabla ya mashindano kunazidisha ubaya. Kumwambia akaze tu ndiyo kumsukuma shimoni kabisa.

England kwa miaka mingi imekuwa na mwongozo kwa warushaji wa kasi wadogo: hadi miaka 13, ova 5 kwa mkupuo (kabla ya kupumzishwa) na 10 kwa siku, miaka 14 na 15, ova 6 na 12, miaka 16 hadi 19, ova 7 na 18. Pia wasirushe zaidi ya siku mbili mfululizo, wala zaidi ya siku nne kwa wiki. Kwa umri huu sisi tuko upande wa wapumzishaji bila kusita. Siku ya pili ya mashindano akae nje, hata kama ni yeye tu mwenye kasi kikosini. Watapoteza mechi moja, yawezekana na kombe. Mzazi atanung'unika, mwalimu mkuu naye atauliza.

Lakini kabla ya hapo arushe. Zikibaki wiki tisa, aanze na mipira 35 kwa wiki, kisha 40, 45, 50, 60, 70, 80, 90 na 90, igawanywe siku tatu zisizofuatana. Wastani wa wiki nne za mwisho unakuwa 82.5. Akirusha ova 20 katika siku mbili za mashindano, yaani mipira 120, uwiano ni 1.45. Hiyo inabebeka. Mipira ya kupasha misuli isiyo ya kasi usiihesabu. Ya mazoezi ya kwenye neti (wavu) kwa kasi kamili hesabu yote. Wala usihesabu mpira wa tenisi uliofungwa tepu kana kwamba ni mpira wa kriketi: mkono unazoea wepesi, bega halizoei uzito.

Mahali pa kutulia mguu panastahili macho zaidi kuliko pichi yenyewe. Saruji chini ya jamvi la makumbi inadundisha mpira vizuri, lakini mguu wa mbele ukitua juu ya saruji kila mara, kisigino na kiuno vinalipa. Bora saruji iishie kabla ya mstari wa kurushia. Hapo mguu unapotua, mchanga wetu wa pwani haufai, kwani baada ya ova chache panakuwa shimo na kifundo cha mguu kinapinduka. Udongo wa kichuguu uliopondwa, ukaloweshwa na kushindiliwa, unashika. Ujazwe upya kila mazoezi yakiisha.

Mtindo nao unaweza kupimwa kwa simu. Mrekodi kutoka mbele, picha iende polepole, uisimamishe mguu wa nyuma unapotua. Kifungo cha mkanda na kifua viangalie upande mmoja. Nyonga zikielekea kwa mpigaji huku mabega yakizunguka kurudi nyuma nyuzi 30 na zaidi, kiuno kinakamuliwa kama nguo, na huo ndio mtindo wa kurekebisha. Mingine, hata kama haipendezi, iache. Anderson alikuwa akiinamisha kichwa chini na kuacha kumwangalia mpigaji alipokuwa akiachia mpira.

Kijana hatasema ana ufa. Atasema, "Mwalimu, kiuno kimekaza," na nyumbani atachuliwa mafuta. Msimamishe kwa mguu mmoja, ule ulio kinyume na mkono wa kurushia, ajipinde kwa nyuma. Akisikia maumivu upande huo, aache kurusha siku hiyohiyo. X-ray ya kawaida mara nyingi haioni ufa mchanga, kwa hiyo picha safi isikutulize. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonesha. Ufa ukithibitishwa ni miezi, si wiki.

Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo la 2026, na huko mchezo ni wa ova 50 kwa kila timu, zisizozidi ova 10 kwa mrushaji mmoja. Anayetaka kufika huko akitokea Newala au Ruangwa atapita mikononi mwa kocha wa shule, wa mkoa na wa taifa, na kila mmoja atahesabu mipira ya kwake tu. Daftari la hesabu alishike kijana mwenyewe, aandike tarehe, mipira na kiuno kilivyoamka asubuhi, pamoja na siku alizoshinda ameinama kuokota korosho.