Mzee Asiitwe kwa Dua Tu

Mtaani ninapoishi hapa Manchester wamebadilisha benchi la kituo cha basi, na jambo hilo dogo limenifurahisha mno. Benchi jipya lina mikono pande zote mbili na limeinuliwa kidogo kuliko lile la zamani, kwa sababu wazee walipoulizwa walisema kuwa kukaa si tabu, tabu ni kunyanyuka. Mhandisi mwenye magoti mazima asingeliwaza hilo. Aliambiwa na bibi anayetembea kwa mkongojo, katika mkutano uliowakutanisha watu wa mabasi, wenye maduka, wauguzi na maofisa wa manispaa, na alichokisema kikaandikwa, kisha kikafanywa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mtandao wa miji rafiki kwa wazee, na Manchester ukawa mji wa kwanza wa Uingereza kujiunga. Mwongozo wa shirika hilo, uliotoka mwaka 2007, ulitokana na kuwasikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ukiwamo. Unagusa mambo manane, tangu majengo, usafiri na makaazi hadi huduma za afya, lakini kwa maoni yangu uzito wake uko pale pa mwanzo: mzee huulizwa kabla mchoro haujachorwa.

Najua nitakachoambiwa. "Huko si ndiko wanakowatupa wazee wao?" Ni kweli kuwa upweke wa wazee wa hapa unatisha. Yupo jirani yangu ambaye siku nyingi hazungumzi na mtu ila muuza duka, na sitaki kabisa kumuona shangazi yangu katika hali hiyo. Wala sijasahau tulichonacho. Tangu mwaka 2016 Zanzibar inampa Pensheni Jamii kila mkaazi wake aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwalimu au mchumaji karafuu, ilhali hapa pensheni ya serikali hufuata michango ya mtu alipokuwa kazini. Nikiwaeleza watu wa hapa hilo, naeleza kwa fahari. Na waliojenga Mji Mkongwe waliweka barza za mawe mbele ya nyumba zao, hata mzee anayetoka Malindi kwenda Darajani hakosi pa kupumzika njiani. Elimu hiyo ilikuwa yetu, tena tukaiacha pale pale tulipoanza kujenga mitaa mipya.

Kinachonikera ni kwamba heshima yetu kwa mzee huishia mdomoni. Shangazi yangu anakaa ghorofa ya tatu Michenzani, katika jumba lisilo na lifti, na akishuka anakuta mtaro ambao kifuniko chake kimevunjika. Akifika kwenye daladala, utingo humwita Bi Mkubwa kwa adabu zote, lakini gari huondoka kabla hajashika chuma. Nilipokuwa nyumbani likizo nilihudhuria mkutano wa mradi mmoja wa barabara na mitaro. Mzee wa mtaa aliombwa afungue kwa dua, akaifungua vizuri, na baada ya "Amin" wataalamu wakatandaza ramani yao mpaka adhuhuri. Mzee yule alipewa chai na sambusa. Hakuna aliyemuuliza atauvukaje mtaro ule kwenda msikitini alfajiri, wakati umeme umekatika.

Wapo watakaosema kuwa nimelewa Ulaya, na wapo watakaosema kuwa wenzetu wana fedha. Wa kwanza nawajibu kuwa anayekaa mbali bado ana wazazi nyumbani, na simu ya kuambiwa kuwa mama ameteleza ngazini humfika yeye pia. Wa pili nawauliza: kumuuliza mtu mzima swali kunagharimu shilingi ngapi? Sheria ya wazee tunayo tangu mwaka 2020, sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anamjua kila mzee wa shehia yake, na fundi wa kuchomelea mkono wa chuma kwenye benchi hatafutwi Ulaya.

Ninachokitaka ni kwamba mchoro wa barabara, soko au kituo cha daladala usitiwe saini mpaka sheha awakalishe pamoja manispaa, mhandisi, madereva, watu wa maji na umeme, na wazee wa mahali pale, na maneno ya wazee yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na jibu la mhandisi. Tena wasiwe wazee wanaume pekee. Barza tunazozisifu wengi wanaozikalia ni wanaume, na tukitafuta ushauri huko tu tutapata nusu ya habari. Bibi wa Wete anayebeba mjukuu mgongoni kwenda naye kliniki, akarudi na kapu la mboga, anajua kila jiwe la njia hiyo, na mradi ukifika kwake aulizwe yeye kwanza.