Jamani, Mimi Sichomoi Waya!

Naomba ieleweke mapema, na wale wanaonisema kwenye kundi la WhatsApp la wacheza gemu ya mpira kwamba nachomoa waya wa intaneti nikizidiwa, wasome taratibu: mtu anayeongoza 3-1 dakika ya 84 hachomoi waya. Achomoe ili iweje? Mchomoa waya ni yule aliyepigwa nne, jasho linamtoka, anatafuta pa kufia. Mimi nilikuwa naongoza. Nimetulia zangu, kahawa pembeni, mke wangu kaniita kwa mara ya mwisho kwamba wali unapoa, nami nampigia shemeji pasi za nyuma kuua muda. Ghafla wachezaji wote wakaganda, mpira ukabaki hewani, yakaja maandishi kwamba mawasiliano yamekatika. Na kwa sheria za gemu, anayepotea hewani ndiye kafungwa. Shemeji wa Mwanza kapewa pointi tatu za bure, na usiku huohuo kwenye simu yake nikasajiliwa upya: Mchomoa Waya. Mpaka nyumbani sasa nikichelewa kuleta gesi naitwa hivyo.

Tuje kwenye laptopu yenyewe. Hii si laptopu ya kuandikia barua ya likizo. Ni ya gemu. Ina taa za rangi chini ya vibonye, ina feni zinazovuma mpaka mama mwenye nyumba aliwahi kugonga mlango akidhani nimeleta mashine ya kusaga kinyume na mkataba. Chaji yake ni ya wati 230, ikikudondokea mguuni ni hospitali. Nikiichomeka, Luku inashuka huku unaiangalia. Nilijinyima mpaka nikaipata, halafu wataalamu wa kundi wakaniambia: mkuu, mashine kama hiyo huiweki kwenye waifai, weka waya.

Na walikuwa na hoja. Pale Sinza ninapokaa, ukifungua orodha ya waifai zinakuja za mtaa mzima, saluni, duka la dawa, mpaka ya mganga, zote zinagombea hewa ileile. Ukuta mmoja wa tofali unameza nguvu, jirani akipasha chakula kwenye maikrowevu unaipata habari yake kwenye mechi. Waya hauna jirani. Unatoka kwenye rauta unaingia kwako, basi. Ndivyo nilivyoahidiwa.

Ukaanza kukata.

Ungekata moja kwa moja ningeushukuru, ningejua nimefiwa nikazika. Wenyewe unakata sekunde nne, tano, unarudi. Ukishusha mafaili hauna neno. Ukiangalia mahubiri hauna neno. Lakini ngoja iwe mechi ya maana, usiku, goli moja mbele! Na ukimwita mtu aje ashuhudie, ile taa ya kijani kwenye tundu inapepesa kwa adabu kabisa, mgeni anakuangalia wewe.

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki, muziki tena. Dada mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia nizime rauta, nihesabu hadi kumi, niwashe. Nikafanya. Kesho yake nikapiga tena, akapokea kaka: "Mpendwa mteja, kuna changamoto kwenye waya wa baharini."

Mimi bahari naiheshimu. Ile Jumapili ya 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita baharini, zilipokatika kwa pamoja huko kusini, nchi nzima iliduwaa. Hata watu waliokuwa hawajui kama intaneti inapita chini ya maji walijua siku ile. Sikatai. Lakini tangu hapo bahari imegeuzwa jaa la kila kosa. Rauta ikipata joto, bahari. Bili ikikosewa, bahari.

Aliyenifungua macho ni kijana wa chumba cha pili, yuko chuo. Akanifungulia lile dirisha jeusi la kompyuta, akaniandikia nipige pingi, yaani kompyuta iulize "upo?" na kungoja jibu, kwenda 192.168.1.1, ambayo ndiyo rauta yangu mwenyewe, iendelee bila kusimama. Pembeni akafungua dirisha la pili, pingi kwenda 8.8.8.8, kompyuta ya Google huko duniani. "Anko," akasema, "la duniani likikata peke yake, walaumu kampuni. Yakikata yote mawili, mchawi yuko ndani." Nikakaa nayaangalia kama taarifa ya habari. Rauta inajibu chini ya milisekunde moja, inajibu, inajibu. Mara kimya. Madirisha yote mawili yamekufa kwa pamoja.

Rauta iko juu ya friji! Naiona! Naweza kuirushia kandambili na nikaipata! Bahari imeingilia wapi hapo?

Nikapiga simu, nikamweleza kaka kwa utaratibu kwamba sifiki hata kwenye rauta yangu. Akanisikiliza vizuri, akaandika, kisha akasema: "Tumekuelewa mpendwa mteja. Wataalamu wako baharini wanalishughulikia."

Basi kila mtu akawa injinia. Bosi wangu ofisini: ipige fomati. Shemeji, kwa kejeli: funga na gundi usiwe unachomoa. Muuza chipsi wa kona, ambaye sijui habari zilimfikiaje, akasema ni kirusi. Kijana wa chuo ndiye pekee aliyegusa kitu. Akaingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, akanionyesha kwamba laptopu ilikuwa imeruhusiwa kuizima kadi hiyo ili kubana umeme. Kubana umeme! Mashine inayokula kwa chaji ya wati 230, yenye taa za disko, inakuja kubania kitundu cha mtandao kisichofika hata wati mbili. Ni kama mwenye V8 kung'ang'ania chenji ya shilingi hamsini kwa muuza maji. Tukaiondoa ruhusa hiyo, tukasasisha na draiva, ile programu inayoiendesha kadi, hali ikapata nafuu kidogo, nikaanza kurudisha heshima yangu kwenye kundi. Halafu mechi ya mtoano, goli moja mbele, pah!

Ila kijana alikuwa ameona jambo jingine. Kasi ya waya ilikuwa inasoma megabiti 1,000 kwa sekunde, baada ya kukata inarudi na 100, ukichomoa na kuchomeka inarudi 1,000. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha: "Anko, ita fundi."

Fundi anatoka Kariakoo. Alisema yuko njiani nikiwa nasikia kabisa muuza soksi akinadi nyuma yake. Baadaye akasema ameshuka Shekilango. Shekilango hapa hapa! Akaishi Shekilango mchana wote. Alipotokea hakuigusa laptopu wala hakuangalia madirisha meusi niliyomwandalia. Aliufuata waya kwa vidole, toka friji, ukutani, chini ya zulia, mpaka kwenye mlango wa chumbani, pale jamaa aliyenifungia mtandao alipoupitisha kwa kubanwa kati ya mlango na fremu. Akachuchumaa. "Bosi, huu mlango nani anaufunga?"

Nikanyamaza. Jikoni sufuria nazo zikanyamaza.

Akaukata pale, akamenya ganda. Ndani mna nyaya nane, jozi nne: chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Akauvuta ule wa kahawia kwa ncha ya kucha, ukatoka nusu. Ulikuwa umekatika kitambo, ncha zinagusana tu zikijisikia. Akaukwangua kwa wembe: juu shaba, ndani mweupe pe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Akaukunja mara mbili, ukavunjika kama tambi mbichi. "Hii ndiyo ya bei rahisi," akasema, na akaniangalia mimi wakati sikuinunua mimi, ilikuja na ufungaji.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu, za chungwa na za kijani. Kasi ya 1,000 inazitaka zote nane. Rauta na laptopu zinapatana kwa zile nyaya nzima, zinaahidiana elfu, zikiondoka kahawia hayupo, zinaachana, zinaanza kupatana upya. Na kahawia alikuwa anaondoka pale mlango unapobamizwa. Na mlango ule, sasa naukumbuka mfululizo mzima, hubamizwa na mtu mmoja, usiku, baada ya kusema chakula kinapoa na kujibiwa "dakika mbili mama, naongoza".

Yaani si kwamba waya ulikuwa unasubiri mechi za maana. Mechi za maana ndizo zilikuwa zinabamiza mlango.

Nilipomweleza mke wangu kwa upole, kitaalamu kabisa, kuhusu jozi ya kahawia, aliuliza swali moja: kwa hiyo kosa ni la nani? Nikasema ni la aluminiamu.

Fundi akaleta waya wa shaba tupu, akaupitisha juu ya fremu mlango usiufikie, akabana vichwa vipya kwa koleo yake, na vile viulimi vya plastiki vikiingia vinalia "ta!", sauti sijaisikia tangu ninunue hii mashine. Elfu moja, haitetereki. Mama mwenye nyumba amelalamikia tundu la ukutani, tumelimaliza kwa kodi ya mwezi ujao kuwahi. Shemeji nimempiga mbili bila na dakika tisini zikaisha.

Wakati anaondoka fundi alikunja ule waya wa zamani akautia begini. "Huu bosi nakwenda kuutupa." Nikasema sawa. Juzi jioni kagonga Mama Sele wa chumba cha tatu, amefungiwa mtandao wiki hii, mwanawe anashindwa masomo ya mtandaoni, unakata unarudi. Nikachungulia kwake: chini ya mlango, waya wa kijivu, na ile alama ya wino niliyoichora mimi kwenye waya wangu wa zamani. Nikamuuliza fundi kasemaje.

"Kasema ni bahari."