Irisi ya njano ilivyonitia adabu

Niliipokea kwa mikono miwili: ndoo yenye miche mitatu ya irisi ya njano, ua la kando ya maji, zawadi ya bibi mmoja wa mtaani kwetu hapa Seattle. "Hii hata ukiisahau haifi," aliniambia. Hakunidanganya.

Kidimbwi changu si kikubwa, mtu mzima anakivuka kwa hatua mbili. Mwaka wa kwanza nilipata maua mawili, nikapiga picha nikawatumia ndugu. Mwaka wa tatu maji yenyewe siyaoni. Majani kama mapanga yamenifika kifuani, mizizi imefumana kama mkeka. Niliing'oa kwa sururu. Mzizi wake ni mnene kama tangawizi, ukiukata ndani una rangi ya waridi, na utomvu wake uliniwasha viganja mpaka usiku kwa kuwa nilijitia ushujaa wa kufanya kazi bila glavu. Vipande vyote nilivifunga kwenye mifuko ya taka. Ukivitupa kwenye mboji vinachipua tena.

Hiyo kazi ningeisamehe. Nisichokisamehe ni mbegu. Maganda yake huning'inia kama vichane vya ndizi changa, yakipasuka mbegu zinaelea, na mvua za huku mnazijua: kidimbwi kinafurika, maji yanaingia mtaroni, mtaro unaelekea ziwani. Kwao Ulaya ua hili halina neno. Hapa jimbo la Washington limeliorodhesha kuwa gugu hatari, na ukipita kando ya Ziwa Washington mwezi Mei huulizi kwa nini. Mimi nimekulia Mwanza. Gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake, na miaka ya 1990 tuliona lilivyoziba Ziwa Victoria. Leo mimi ndiye wa kupanda gugu kwenye ziwa la watu?

Sasa ninayo irisi ya Kijapani iitwayo laevigata, ya buluu iliyokolea. Hii ni ya majini kwelikweli. Sentimita 5 hadi 10 za maji juu ya shina zinaitosha mwaka mzima. Naipanda kwenye kikapu cha plastiki, udongo mzito wa mfinyanzi bila samadi (samadi itakugeuzia maji kuwa mchuzi wa mlenda), kokoto juu ili samaki wasifukue.

Ila usiichanganye na dada yake, ensata. Watu huiona kwenye picha za bustani za Tokyo mwezi Juni, imesimama majini, wakadhani ndiyo maisha yake. Mara nyingi maji hayo huingizwa msimu wa maua tu. Ensata inataka unyevu wakati wa joto, lakini ukiiacha miguu majini msimu wote wa baridi inaoza. Najua, kwa sababu duka moja liliniuzia ensata kwa jina la laevigata, nikaizika majini mwenyewe. Siku hizi sisomi kibandiko. Napitisha kidole juu ya jani: likiwa na mgongo katikati, ni ensata, inabaki ukingoni, likiwa laini tupu, ni laevigata, inaingia majini.

Bibi bado ananiuliza maua yake yanaendeleaje. Nimemtengea kikapu kimoja cha laevigata, nitampelekea ikichanua, halafu ndipo nimweleze.