Seva Yangu Ilivyoitikia Hodi Isiyoihusu

Nyumbani kwangu Tabata kulikuwa na kompyuta tatu za mtumba, zote hazina diski, na watoto wanne waliogombea laptopu moja mpaka kibodi ikang'oka herufi A. Kiswahili bila A hakiendi popote. Nikaona dawa ni seva: mashine moja yenye nguvu ikae sebuleni chini ya kabati la vyombo, zile tatu ziwake kwa kuitegemea hiyo. Programu yake, LTSP, ni ya bure, na tangu 1999 imekuwa ikifufua machakavu ya namna hii.

Utaratibu wenyewe ni wa kistaarabu, utadhani ulibuniwa Pwani. Kompyuta isiyo na diski ikiwashwa inapiga hodi kwenye waya: jamani, nani atanipa anwani, na nani ataniwasha? Seva inaitikia karibu, inaipa anwani, kisha inaimiminia Linux nzima, yaani mfumo wa kuiendesha. Jumapili saa nne usiku zote tatu zikawaka, kioo kimeandikwa KARIBU KWA BABA NEEMA. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akatazama, akauliza, "Na hilo lidude litakaa hapo hapo kwenye vyombo vyangu?"

Sasa, intaneti navuta kwa baba mwenye nyumba, mwenye steshenari hapo mbele. Waya unatoka kwenye ruta yake, unapita dirishani, unaingia kwangu, nami nachangia kila mwezi, nikikumbuka. Maelekezo yalionya kwamba wagawa anwani wakiwa wawili kwenye mtandao mmoja, anayewahi kujibu ndiye mwenye mgeni. Nikasema hayo ni mambo ya maofisini.

Halafu kompyuta za dukani kwa Mzee nilimchagulia mimi mwenyewe, Kariakoo, kwa muuzaji yule yule aliyeniuzia zangu. Zilitumika ofisini huko ughaibuni, na zilikuwa zimepangwa kupiga hodi mtandaoni kabla ya kugusa diski zao. Mwaka mzima zilipiga hodi kila asubuhi, hakuna aliyejitolea kuziwasha, zikawa zinaendelea na maisha yao.

Jumatatu saa moja na nusu simu ikaita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Njoo dukani."

Nilikuta walimu wawili wanasubiri mitihani ichapwe, na kila kioo dukani kinawakaribisha kwa Baba Neema. Kijana wa duka alinitazama kama mchawi aliyedondoka na ungo. Nikaanza kueleza habari za anwani na hodi. Mzee akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa amevaa miwani, na Mzee havai miwani ila akiwa anasoma.

Tumbo likanguruma. Akaunti ya familia sikuiwekea nywila, ili watoto wasinisumbue. Ndani yake mna folda ya wote, na kwenye folda hiyo mna faili nililoliita MZEE KODI.

"Niliona ninatajwa," akasema taratibu, "nikaona si vibaya nisome."

Akanigeuzia kioo. Jedwali la safu tatu: mwezi, sababu, alikubali? Nililitengeneza ili nisijirudie, maana uongo unataka kumbukumbu. Januari, ada za watoto, ndiyo. Aprili, msiba wa shangazi Singida, ndiyo, na rambirambi katoa. Julai, mshahara umechelewa, alinuna.

Mmoja wa wale walimu akasogea kuona vizuri.

Kidole cha Mzee kikateremka mpaka Oktoba, mwezi ambao ulikuwa bado siku tano uanze. Pameandikwa: "Shangazi tena? Muulize Mama Neema kama Mzee atakumbuka."

"Nakumbuka," akasema Mzee. "Nilitoa elfu ishirini."

Kodi nililipa pale pale kwa simu, pamoja na rambirambi.