Tandiko Linapobana, Alaumiwe Nani?

Mvue tandiko farasi aliyetoka jasho, kisha utazame mgongo kabla haujakauka. Ukilowa sawasawa pande zote, hamna neno. Ukiona mabaka mawili makavu, kila moja ukubwa wa kiganja, nyuma tu ya mabega, shuku. Ngozi iliyogandamizwa mno huacha kutoa jasho (ingawa pengine pamekauka kwa sababu tandiko halikupagusa kabisa). Mgandamizo ukidumu, manyoya ya hapo huota meupe.

Wanaotaka kila farasi apimiwe tandiko lake wana hoja nzito. Farasi ana jozi 18 za mbavu, na tandiko likipita ubavu wa mwisho, uzito hukaa pasipo na mbavu za kuubeba. Mbele nako, mfupa wa bega hurudi nyuma kila anaponyoosha mguu, hivyo tandiko lililosogezwa mbele humkatia hatua. Kiunzi, yaani umbo gumu lililo ndani ya tandiko, kikiwa chembamba hubana. Kipana mno hushuka hadi kikagusa uti wa mgongo. Wengi hukimbilia kuongeza mto chini ya tandiko. Chini ya kiunzi kinachobana, huko ni kuvaa soksi nene ili kiatu kidogo kikutoshe.

Upande wa pili husema hizi ni anasa, mbona majeshi yalipanda tu? Jeshi la Marekani lilipitisha tandiko la McClellan mwaka 1859, likawekwa juu ya farasi wa kila umbo, chini yake blanketi lililokunjwa. Sawa, farasi walikwenda. Lakini vidonda vya mgongo vilikuwa balaa ya kila siku kwa vikosi vya farasi, na adhabu ya kaburi aijua maiti.

Hoja yao inayonigusa ni nyingine. Mgongo haukai na umbo moja: farasi hunenepa, hujenga misuli, huzeeka, na tandiko lililomkaa vizuri leo linaweza kumbana baada ya miezi michache. Tena si kila kosa ni la tandiko. Line Greve na Sue Dyson, waliochunguza suala hili nchini Uingereza, walionyesha kwamba tandiko linaloteleza upande mmoja mara nyingi hutokana na farasi kuchechemea mguu wa nyuma, wakati mwingine kidogo kiasi kwamba mpandaji hajatambua. Maumivu ya mguu yalipotulizwa kwa sindano ya ganzi, katika farasi wengi tandiko liliacha kuteleza. Mpandaji anayeegemea upande naye ana sehemu yake.

Kwa hiyo mimi ningemwita daktari wa mifugo kwanza, fundi wa matandiko baadaye. Na fundi anayepima farasi akiwa amesimama tu simwamini sana. Mtu apande, wewe upenyeze kiganja chini ya ukingo wa mbele, mwenzako amwongoze farasi polepole hatua kumi. Bega likipita na vidole vikabanwa hata usiweze kuvichezesha, kiunzi hicho ni chembamba kwake.